Shimo la Saba

Yule mtoto sikumpenda tangu siku ya kwanza, na sababu niliijua mwenyewe. Alikuja na daftari lenye jalada la bluu na shikamoo yake ya adabu, akakaa kwenye kigoda changu, akamchukua baba yangu.

Mimi ni Maryamu binti Mhina, wa Kwedizinga. Nina miaka arobaini na mitano. Niliolewa Mazingara, nikaachika, mama yangu Chausiku akafariki, nikarudi nyumbani kumtunza baba. Huu ni mwaka wa kumi na mbili. Kaka zangu wawili wako mjini na wanapiga simu Idi kwa Idi. Mimi ndiye ninayejua uji wa baba uwe mzito kiasi gani, goti lipi linamuuma mvua ikikaribia, na shati gani hataki liguswe na sabuni ya unga. Kwa hiyo nilijiona ndiye mwenye baba. Kitu chake kimoja tu sikuwa nacho, na hicho ndicho nilichokitaka kuliko vyote.

Baba alikwenda vitani. Mwaka sabini na nane alichukuliwa pamoja na mgambo wenzake, wakapelekwa Kagera, akarudi mwaka uliofuata na kovu kwenye sikio na maneno machache. Hapa kijijini wanamwita Mzee Mhina wa Vita, lakini hakuna aliyewahi kuisikia hiyo vita kutoka kinywani mwake. Mama alikufa hajaisikia. Sisi watoto tulichoachiwa ni kuangalia mashimo.

Kila masika, udongo ukishalainika, hakuna anayeruhusiwa kugusa shamba kabla ya baba. Anakwenda peke yake na jembe na mbegu kwenye kikombe cha bati. Anachimba mashimo saba kwa mstari mmoja, upande ule tunaopakana na kwa Munira. Kisha anarudi kwenye la kwanza, anapiga goti, midomo inacheza, anatia mbegu, anafukia kwa kiganja, anahamia la pili. Sisi tumekaa pembeni na majembe yetu, mbali, tunasubiri. Akimaliza anainua mkono, ndipo tunaingia. Tulipokuwa wadogo tulidhani anaomba mvua.

Nilipokuwa na miaka kumi na moja nilitaka kumfurahisha. Asubuhi, hajamaliza hata chai, nikatangulia shambani, nikachimba yote saba, nikatia mbegu tatu tatu, nikafukia. Alipofika nilikuwa nimesimama juu ya lile la mwisho, miguu yote miwili, naangalia kama mstari wangu umenyooka. Baba alinibeba juu juu akaniweka kando. Akapiga magoti, akalifukua lile shimo kwa vidole mpaka akazipata mbegu zote tatu, akazitupa kule.

"Hili si lako," aliniambia. "Usirudie tena."

Hakunipiga. Heri angenipiga, ningelia yakaisha. Badala yake nimekaa na neno lile miaka thelathini na nne. Si langu! Na bado, tangu nirudi, kila mwaka mstari ule naupalilia mimi. Una mahindi sita halafu pengo, na lile pengo nilikuwa nikiwalaumu kanga.

Basi mwezi wa kwanza mwaka huu, Jumamosi moja, bodaboda ikamshusha msichana wa sekondari mlangoni kwetu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Watokea wapi?"

"Korogwe, mama. Naitwa Fausta. Fausta Lukasi Erasto. Mwalimu wetu wa historia ametuagiza kila mmoja amtafute mtu aliyepigana vita ya Kagera, aandike habari zake. Itakayopendeza itasomwa shuleni Siku ya Mashujaa. Bibi yangu Josefina akaniambia nije hapa. Alisema babu Mhina alikuwa vitani na babu yangu."

Nilikuwa najiandaa kumwambia kuwa mzee huwa haongei, anywe maji arudi zake mapema asije akakosa basi. Lakini baba alishalisikia lile jina. Alitoka ndani bila fimbo, anashika ukuta.

"Wa Erasto?" aliuliza. "Erasto wa kambi ya mkonge?"

"Ndiyo, babu. Mimi ni mjukuu wake."

Baba akamshika kichwa kwa mikono miwili. Mimi baba yangu hajanishika kichwa tangu nilipokuwa na surua. Kisha akaniambia, "Maryamu, weka chai." Nikaweka chai. Niliporudi na vikombe wakanyamaza wote wawili. "Maryamu, hebu kawaangalie mbuzi." Mbuzi walikuwa wamefungwa, kamba nilizifunga mwenyewe. Nikaenda kuwaangalia mbuzi waliofungwa.

Nikiwa nyuma ya jiko nikamsikia baba anacheka. Sikuwahi kujua kuwa kicheko chake kina mluzi mwishoni, mpaka nikakisikia akimchekea mtoto wa watu.

Alirudi Jumamosi iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Munira, jirani yangu, hana dogo. "Mwenzangu," aliniambia kisimani, "naona umeletewa mke mwenza." Nikamwambia aangalie ndoo yake isimwagike. Lakini lilinikaa, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyokuwa nikijisikia, mimi mtu mzima, kwa binti wa kidato cha tatu. Nikianza kumsikia anakohoa barabarani kwa vumbi la bodaboda, roho inanipanda. Nilimwekea sukari kidogo kwenye chai. Nilikificha kigoda. Akakaa chini, akasema udongo una ubaridi mzuri, na baba akamsifu kuwa hana makuu.

Lakini kilichonikata maini ni firigisi. Nyumbani kwetu firigisi ya kuku ni ya baba. Haikuliwa na mama, haikuliwa na kaka zangu, na mimi niliyewanyonyoa kuku wote hao sijui ladha yake. Siku ile nilichinja jogoo kwa sababu baba aliniamuru, nikaipakua firigisi juu ya bakuli lake kama kawaida. Akaichukua kwa vidole, akamwekea Fausta kwenye sahani.

"Babu, hii si ni ya kwako?" Fausta aliuliza.

"Kula, mjukuu wangu. Meno yangu yamechoka."

Meno yake yalikuwa yanatafuna mahindi ya kuchoma kila jioni! Nikainuka nikaenda kukosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Jioni ile nilimkabili. "Baba, huyo mtoto unamweleza nini?"

"Mambo ya zamani."

"Mbona mimi hujawahi kunieleza?"

Akasema, "Wewe una kazi nyingi, Chausiku."

Chausiku ni mama. Ilikuwa mara ya pili wiki ile kuniita jina la marehemu. Siku chache kabla alikuwa ameniuliza mara tatu kama leo ni Ijumaa. Mtu mwenye akili tulivu angesimama hapo akafikiri. Mimi nilikuwa na hasira, nikaona ni uzee wa kawaida, nikaona pia kwamba jina la Fausta hakulikosea hata mara moja.

Masika yakaja mwishoni mwa mwezi wa tatu. Jumatano jioni, mvua imekatika, baba alikwenda shambani, akachota udongo akaufinyanga kiganjani, akarudi. "Jumamosi tunapanda," alisema. "Mpigie Fausta aje. Nataka awe karibu nami kwenye mashimo."

Niliitikia ndiyo, baba. Nikaendelea kupepeta mchele kwenye ungo. Karibu naye kwenye mashimo! Mimi nimesubiri pembeni ya shamba lile tangu nikiwa na miaka kumi na moja, nimekaa na jembe mapajani, na huyu wa Korogwe, wa miezi miwili, anakwenda kupiga goti pale.

Baba hana simu. Simu ni yangu. Sikumpigia. Alhamisi akapiga mwenyewe.

"Mama, shikamoo. Huku Korogwe mvua imenyesha sana. Babu alisema ikinyesha nije. Je, ni Jumamosi hii?"

"Huku bado, mwanangu," nilimjibu. Sauti yangu ilikuwa tamu, mwenyewe niliishangaa. "Udongo haujalowa. Tutapanda wiki ijayo. Nitakwambia."

"Haya, mama. Asante. Msalimie babu."

Sikumsalimia.

Jumamosi baba alivaa lile shati ambalo halitaki sabuni ya unga. Tulifika shambani jua halijapanda. Akachimba mashimo yake saba, taratibu, anapumzika kila moja. Halafu akasimama na kikombe cha bati anatazama barabarani. Ikapita bodaboda ya kwanza, ikapita ya pili. Munira na watoto wake walikuwa wamekuja kutusaidia, nao wakaanza kuuliza. Ikafika saa nne. Jua likaanza kuukausha udongo wa juu.

"Hakukwambia kitu?" baba aliniuliza.

"Hapana, baba."

"Basi."

Akaenda kwenye shimo la kwanza akapiga goti. Safari hii alikuwa anasema kwa sauti, nadhani masikio yake hayamsikii tena akinong'ona. Na mimi, nisiwe mwongo mara mbili, nilisogea. Nilisogea mpaka hatua tano nyuma yake.

"Erasto wa Korogwe," alisema, "aliyeazima kofia yangu." Akatia mbegu, akafukia.

"Mbwana wa Mazingara, aliyekuwa anaogopa vyura." Akatia mbegu.

"Richard, aliyekuwa anaimba kwa pua."

"Muhsin, aliyeficha sukari kwenye soksi."

Nilisimama pale nimeziba mdomo kwa ukingo wa kanga. Kumbe haikuwa dua ya mvua. Walikuwa watu.

Kwenye shimo la tano alipiga goti, akafungua mdomo, akanyamaza. Akaangalia mbegu kiganjani. Akarudi nyuma kwa magoti mpaka la kwanza, akaanza tena upya. Erasto wa Korogwe, Mbwana wa Mazingara, Richard, Muhsin. Alipofika la tano akasimama tena pale pale. Akarudi mara ya tatu. Goti lile linalomuuma lilikuwa limeingia tope, na alikuwa anapumua kwa mdomo.

"Maryamu," aliita bila kugeuka. "Wa tano ni nani?"

Miaka yote nilikuwa nangoja anisogeze kwenye mstari ule, na sasa ananiuliza mimi, na mimi sikuwa na cha kumpa. "Sijui, baba."

"Nilijua yananitoka," alisema. "Ndiyo maana nikampa yule mtoto. Anayo yote. Mbona hakuja?"

Baba yangu, ambaye sikumwona akilia siku tuliyomzika mama, alikuwa analia juu ya shimo la mahindi kwa sababu amempoteza mtu aliyekwisha kumpoteza mara moja. Na mimi ndiye niliyemfungia mlango mwenye kumrudisha.

"Nilimdanganya, baba," nilisema. "Alipiga simu Alhamisi. Nilimwambia hatupandi."

Munira alikuwa anasikia. Watoto wake wanasikia. Nikatoa simu kifuani, nikapiga, nikaweka spika.

"Fausta. Ni mimi, mama Maryamu. Tuko shambani. Tunapanda leo. Nilikudanganya, mwanangu, unisamehe, nitakueleza. Babu yako amekwama. Ni nani wa tano?"

Sauti yake ikaja, ndogo lakini imenyooka.

"Wa tano ni Shida wa Bungu, aliyetucheka kwa baridi."

"Shida!" baba alipaza sauti. "Shida wa Bungu! Mtu wa milimani, anavua shati asubuhi sisi tunatetemeka!" Akatia mbegu, akafukia, akapigapiga udongo pale kama anampiga mtu begani.

"Wa sita ni Sharifu," Fausta aliendelea, "aliyekuwa mdogo kuliko wote."

"Sharifu," baba alisema. Huyo hakumwongezea kitu. Akafukia.

Likabaki la saba. Baba alilifuata kwa magoti, akalifukia kwa viganja vyote viwili bila kutia mbegu. Nilitazama kikombe. Mbegu zilikuwamo tele.

"Fausta," niliuliza, "na wa saba?"

"Wa saba sikufundishwa, mama. Babu alisema hilo si langu. Alisema hilo ni la kwako."

Nilitazama udongo ule uliofukiwa mtupu, na nikakumbuka vidole vya baba vinatafuta mbegu zangu tatu. Nikajikuta nimepiga goti kando yake.

"Tulichimba mahandaki saba," baba alianza, na ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kumsikia akianza. "Kila mtu lake, kwa mstari. Mimi nikatumwa maji. Erasto akaniambia nimwachie kofia, jua kali. Niliposikia mizinga nikalala chini na madumu yangu. Niliporudi, sita yamefumuka. La kwangu lilikuwa zima, limenisubiri." Akapangusa uso kwa mkono wa shati. "Siku ile nakukuta umesimama ndani ya la saba, mtoto wangu, umelichimba kwa mikono yako na kulitia mbegu, nilidhani moyo utasimama. Ningekwambia nini? Ulikuwa na miaka kumi na moja."

"Sasa nina arobaini na mitano, baba."

"Ndiyo. Nilichelewa. Halafu nikaona haya." Alinishika mkono, vidole vyake vimejaa tope. "Yule nimempa sita. Hawa ni watu wa vita, wanamhusu kila mtu. Hili la saba mbegu yake utaitia wewe, masika nitakayokuwa sipo. Na utasema la kusema, unalolijua wewe. Usilipande kabla."

Nilikuwa nimelililia fungu langu miaka thelathini na nne. Nikapewa, na hapo hapo nikatamani kulirudisha.

Fausta alikuwa bado yuko kwenye simu. "Mama?" aliita. "Mama, nije?"

"Njoo," nilimwambia. "Njoo hata kesho."

Alikuja kesho yake, na nilimwomba radhi mbele ya baba. Akainamisha kichwa, akasema yameisha, mama. Nikamwekea sukari vijiko vitatu. Kisha akakaa kwenye kigoda akanifundisha yale sita, pamoja na kofia na vyura na soksi, nami nikayarudia kama mtoto wa madrasa, nikikosea ananirudisha mwanzo. Nilimwambia aniandikie kwenye karatasi. Akakataa. Alisema babu hataki yaandikwe, anataka yasemwe. Hata kwenye lile daftari la bluu hayamo. Nilikasirika kidogo, maana alilisema kwa uhakika wa mtu mwenye nyumba.

Mwezi wa saba tulikwenda Korogwe, baba na mimi. Wanafunzi wamepangwa kwa mistari, baba amekalishwa mbele kwenye kiti cha plastiki, amepewa soda. Bibi Josefina, mjane wa Erasto, alikaa karibu yake, wakawa wanashikana mikono. Fausta akasimama akasoma habari yake, na alipofika mwisho akaliweka daftari chini akayasema yale majina kwa kichwa, moja moja. Watoto mia nne wakayarudia. Midomo yangu nayo ilikuwa inacheza. Baba alikosea mawili, akafuata sauti za watoto. Alipomaliza la sita Fausta akanitazama mimi kwa mbali, akakaa. Makofi yalikuwa yake yote. Nilipiga na mimi, lakini siwezi kudanganya kuwa wivu uliniisha. Wageni wote walimshika mkono yeye. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyempigia mzee pasi lile shati.

Juzi tulivuna. Munira alikuja kunisaidia kama ilivyo desturi yetu, na alipojaza gunia la kwanza akalisimamisha pale mwisho wa mstari, kwenye pengo, kwa sababu ndipo palipokuwa wazi. Nikamwambia aliondoe. Nadhani nilimwambia kwa ukali, maana alishika kiuno.

"Maryamu, na wewe! Hapo si patupu? Unalinda nini?"

Nikalibeba gunia lile mwenyewe nikalisogeza. "Hapo ni pa baba," nilimwambia. "Na baba yuko nyumbani, anakunywa uji."